Kwaresima ya Efrazia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, na tangu siku hiyo sina pa kuwahi. Mkaniomba pia niwaandikie chochote kuhusu miaka yangu katika wodi ya akina mama, ninyi mnaobaki, ili niliyojifunza yasiondoke na mimi. Sina hakika kama ni mengi. Hapa nyumbani baridi inapita chini ya mlango, nimejifunika blanketi miguuni, na kila nikijaribu kuandika jambo la kuchekesha kalamu inarudi kwa mwanamke mmoja wa kijiji cha Pito. Nitafika kwake. Nianze nilikoanzia.

Nilitoka kijijini kwetu Mwazye na sare aliyonishonea mama, kubwa kuliko mimi, kwa sababu aliamini bado nitakua. Nilikuwa nimeshamaliza kukua. Mkuu wa wodi alikuwa Mama Yustina, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na ole wako umwombe arudie alichosema. Siku ya kwanza hakunipa sindano wala mashine ya presha. Alinipeleka kwenye kitanda cha mama mmoja aliyekuwa amekaa vizuri, kanga imefungwa, anatabasamu.

"Muulize hali," akaniambia.

Nikauliza. Mama yule akajibu hajambo, akaniuliza na mimi habari za nyumbani.

"Sasa uliza kope lake," akasema Mama Yustina. Akaweka kidole gumba chini ya jicho la yule mama, akavuta kope la chini taratibu. Ndani palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kabisa. "Akina mama wa huku hawasemi wanaumwa. Atakuja na mzigo kichwani, atakuamkia, atakusifia sare yako, na damu imekwisha. Usiusikilize mdomo kabla hujaona kope."

Nimefanya kazi na vifaa vingi tangu siku hiyo. Nakumbuka mashine yetu ya kwanza ya altrasaundi. Tuliipokea kwa sala, tukaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na umeme ukakatika kabla haijampima mtu. Mwezi wa saba jeli yake ilikuwa ya baridi kiasi kwamba wagonjwa waliruka kitandani, ikabidi tuwe tunaipasha kwenye beseni la maji ya moto. Mashine ilitufaa sana, siibezi. Lakini kope linahitaji mikono misafi na mwanga wa dirisha tu, na halijawahi kukatika umeme.

Wenzetu waliopangiwa kazi huku kutoka mikoa ya mbali walikuwa wakifika na hofu ya sifa za uchawi za mji wetu. Mmoja alikuja na chupa ya maji ya baraka, akainyunyizia hata stoo ya mashuka. Baada ya muda wote waligundua kwamba wagonjwa wa Sumbawanga wanakufa kwa yaleyale yanayoua wa kwao, na kubwa kuliko yote ni kuchelewa.

Magonjwa ya uvimbe kwenye kizazi, haya mnayoyaita faibroidi, nimeyaona tangu mwanzo hadi mwisho. Zamani walituletea wanawake wenye matumbo makubwa wakidai ni mimba iliyofungwa na jirani. Tulipowaambia si mimba, baadhi yao walilia, kwa sababu mimba iliyorogwa bado ni mimba, na uvimbe si mtoto wa mtu yeyote. Kisha zikaja simu, na zenyewe zikaja na tiba mpya. Wanawake wakaacha kutaja majirani, wakaanza kutaja vyakula. Usile hiki, kunywa kile, funga siku kadhaa, uvimbe utanyauka.

Niseme ukweli, mwanzoni nilifurahi. Mwanamke anayekula mboga na kupunguza mafuta na sukari hanisumbui. Nilimuuliza daktari wetu wa wanawake jambo hilo tukiwa kwenye chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayekoroga chai kuliko anavyoinywa. Akasema chakula bora ni kizuri kwa kila mtu, na watafiti wanaendelea kutafuta kama kinaweza kuuzuia uvimbe usikue. Lakini kwamba kufunga kunauyeyusha uvimbe uliokwisha kuota, hilo hajaona ushahidi wake. "Na mwanamke anayetoka damu nyingi," akaongeza, "huyo asifunge kabisa." Nikayashika maneno yake.

Efrazia alikuja baada ya Krismasi, katikati ya mvua, na mume wake Deus. Wote wakulima, wote wapole, viatu wameviacha mlangoni kwa sababu ya tope. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, na hedhi yake ilikuwa ya siku nyingi, nzito, yenye mabonge. Alichotaka ni kimoja: mtoto. Alikitaja kabla hata sijamuuliza anaumwa wapi. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe mmoja mkubwa na mwingine mdogomdogo pembeni.

Daktari akawaeleza vizuri. Angemfanyia upasuaji, atoe uvimbe, akiache kizazi mahali pake. Afanye mapema, kabla damu haijamwishia. Lakini hakutaka kumdanganya: damu ikigoma kusimama mezani, italazimika kizazi kitolewe ili yeye apone. Nilimtazama Efrazia akisikiliza. Maneno yote ya mwanzo yalimpita. La mwisho ndilo lililobaki naye. Tukampa vidonge vya kuongeza damu, tukamwambia arudi baada ya wiki chache tumpangie siku.

Alirudi Kwaresima ilipoanza, peke yake, na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata siku yako?"

"Hapana, mama. Nimekuja kurudisha hivi, wapewe wengine." Akatoa vidonge, pakiti haijafunguliwa.

"Hujameza hata kimoja?"

"Vinaongeza damu, mama. Na damu ndiyo chakula chake."

Nikamketisha. Ndipo akanieleza, bila kuona aibu hata kidogo, jinsi alivyokuwa anauua uvimbe kwa njaa. Ameacha nyama, maini, dagaa na maharage. Ameacha hata mchicha, baada ya kuona maji yake yamegeuka mekundu sufuriani. Anakula mara moja kwa siku, jioni, uji mwembamba wa ulezi. Ataendelea hivyo hadi Pasaka. Katika jumuiya yao ya kanisa kule Pito alikuwepo mama mmoja mtu mzima, Mama Gaudensia, aliyekuwa na uvimbe kama wake. Alifunga Kwaresima nzima namna hiyo, na alipopimwa tena uvimbe ulikuwa umesinyaa. Alisimama akatoa ushuhuda, watu wakamrekodi kwa simu, na sauti yake ikasambaa.

"Mama, wewe si mtu wa hukuhuku?" akaniuliza Efrazia. "Ntumba unazijua."

Kwa msiojua, ntumba ni yale matuta yetu ya mviringo. Mvua zikikaribia mwisho, nyasi zikiwa ndefu, tunazilima na udongo wake, tunazigeuza chini juu na kuzirundika. Zinaoza humo ndani, na maharage yanayopandwa juu yake yanastawi bila mbolea ya dukani.

"Nyasi tunazifukia," akasema, "hazipati jua, hazipati mvua, zinaoza zenyewe, halafu zinalisha maharage. Na huu hivyohivyo. Nikiunyima utaoza, mwili utaula. Labda hata mtoto ataota hapo."

Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mgonjwa akiueleza ugonjwa wake kwa akili namna ile, na maelezo yote yalikuwa makosa. Nikamjibu kwa lugha yake.

"Efrazia, nyasi za ntumba tunazikata kwanza kwa jembe, ndipo tunazifukia. Huo wako haujakatwa. Una mizizi, na unakunywa kutoka kwako. Ukikataa kula, wa kwanza kukosa ni wewe."

Alitazama mikono yake. Nikaona neno limemwingia. Kisha akainua uso. "Wa Mama Gaudensia nao haukukatwa, mama. Na umesinyaa."

Mama Gaudensia sikumjua, wala sikuwa nimempima. Nikavuta kope la Efrazia, lilikuwa limeanza kupauka. Nikamrudishia vidonge kikapuni na kumsihi. Aliitikia kila neno, ndiyo mama, ndiyo mama, akaondoka. Baadaye mhudumu wa usafi akaniletea ile pakiti, ameikuta kwenye benchi la nje imewekwa vizuri, haijatupwa.

Nikampigia Deus simu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Nesi, mimi namuona anavyokonda. Lakini hii ni Kwaresima. Nitamwambiaje mke wangu avunje mfungo? Mama yangu mwenyewe anamsifia kanisani. Nitaonekana mume wa namna gani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Katika mwezi mwingine wowote, mwanamke anayekataa chakula Pito angeitiwa mashangazi. Kwaresima ilimfunika. Njaa yake ilionekana ibada, weupe wake ulionekana utakatifu, na mimi niliyesema ale nilionekana mpagani aliyevaa sare.

Alirudi tena kabla ya Wiki Kuu, ile ya mwisho kabla ya Pasaka, na safari hii alikuwa anacheka. Alikuwa na utepe aliouchana kwenye pindo la kitenge, amefunga fundo mahali ulipofika siku alipoanza kufunga. Akauzungusha tumboni mbele yangu. Ulipita fundo kwa upana wa kiganja.

"Umeona, mama? Unakwisha."

Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Pete ya ndoa ilikuwa imefungwa uzi isidondoke. Nikamlaza kitandani, na sikuhitaji kutafuta. Tumbo lilikuwa limeondoka pembeni, uvimbe umebaki umesimama katikati, ngumu, palepale ulipokuwa. Nikachukua mkono wake nikauweka juu.

"Ni nini hiki?" akauliza, akautoa mkono haraka.

"Ndio wenyewe. Mwili wako ndio uliopungua, mwanangu. Uvimbe wenyewe haujapungua."

Daktari akampima upya, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine. Haukuwa umesinyaa hata kidogo. Akamwomba abaki, alazwe siku hiyohiyo, aongezewe damu, tuone la kufanya. Hajawahi kumwomba mgonjwa kama alivyomwomba yule. Efrazia alilia kidogo, akakunja utepe wake mdogo sana, akaushika kiganjani.

"Nitakuja Jumatatu ya Pasaka, dokta. Nilimwahidi Mungu hadi Pasaka. Niacheni nimalize nilichoahidi."

Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa mwanakwaya. Nilimwambia Mungu hadai deni kwa mtu asiye na damu. Akaniambia anajua. Akaenda.

Wiki Kuu walimleta, akiwa kwenye bodaboda katikati ya Deus na dereva, miguu inaburuzika. Alikuwa shambani analima ntumba, kwa sababu mvua hazisubiri mgonjwa. Damu ilianza kumtoka, hakumwambia mtu, akaendelea kulima mpaka akaangukia tuta alilokuwa hajalimaliza. Udongo ulikuwa bado kwenye nywele. Nilivuta kope lake. Palikuwa peupe kama siku ile ya kwanza na Mama Yustina.

Damu iliyokuwepo hospitalini ilikuwa kidogo. Deus akatoa, wanakwaya wakaja wakatoa, na yote aliyotundikiwa ilitoka kama ilivyoingia. Daktari alijaribu kila alichojua. Mwisho akasimama, akanitazama juu ya barakoa, wala hakuhitaji kusema. Kizazi kikatolewa pamoja na uvimbe wake. Mimi ndiye niliyekipokea kwenye beseni. Nilifanya kazi yangu, nikahesabu vitambaa, nikasafisha vyombo, kisha nikaingia chumba cha kubadilishia nguo nikalia kwa hasira. Operesheni aliyoiogopa ilikuwa imemfuata yenyewe hadi shambani, na ikawa mbaya kuliko ile aliyokuwa ameahidiwa.

Alizinduka vizuri siku ya Pasaka asubuhi. Nje kwaya ilikuwa inapita wodini kuimbia wagonjwa.

"Mama, wameutoa?"

"Wameutoa."

"Na nyumba ya mtoto?"

Niliketi kitandani kwake, jambo tunalowakataza wanafunzi. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aligeukia ukutani, akakaa hivyo hadi kwaya ilipomaliza na kwenda wodi nyingine. Mchana Deus akaleta wali na maharage. Efrazia akaketi, akala polepole akitazama dirishani, machozi yanadondokea kwenye sahani. Alipomaliza akaomba maharage mengine. Nimeona vifo wodini vilivyoniuma kidogo kuliko sahani ile ya pili.

Siku iliyofuata akaja Mama Gaudensia, na chupa ya uji. Nilitaka kumchukia, sikuweza. Alikuwa mwanamke wa kawaida, mzee kuliko mimi, amejifunga shuka mabegani kwa baridi. Nikamwamkia, tukaketi kwenye benchi la nje. Nikamuuliza swali moja tu: hedhi yake ilikoma lini?

"Mwaka ule ule," akasema. "Kabla ya Kwaresima ile." Kisha akanitazama, na nikaona amefika kwenye jibu kabla yangu. "Kwa hiyo haikuwa kufunga?"

"Uvimbe huu mara nyingi husinyaa wenyewe hedhi ikikoma, mama. Hata ungekula pilau kila siku, ungesinyaa."

"Sikusema uwongo," akasema.

"Najua."

"Nilisema nilichokiona."

Alikaa pale muda mrefu na chupa yake mapajani. Kisha akaingia wodini. Sikumfuata. Waliyosemezana ni yao.

Jumapili moja baada ya hapo alinialika kwenye jumuiya yao. Akasimama na kutoa ushuhuda wa pili. Akasema uvimbe wake ulisinyaa kwa sababu ya umri, si kwa sababu ya mfungo, na kwamba mwanamke kijana anayetoka damu ale na aende hospitali. Alisema vizuri kuliko daktari. Alipoketi hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeinua simu. Mwenyekiti alikohoa, akatangaza zamu za usafi wa kanisa. Nilitembea hadi barabarani nikiwaza kwamba habari njema ilikuwa imeshapita mlangoni zamani, na hii ya kweli imekuja watu wameshachoka.

Efrazia yuko Pito hadi leo, na Deus yuko naye, ingawa ndugu walisema waliyosema. Nikienda sokoni nikamkuta anauza maharage, ananiamkia, ananipimia, halafu anaongeza kiganja kimoja juu. Hatujawahi kuzungumza tena kuhusu mwaka ule. Ananitazama usoni, mimi ndiye ninayeangalia maharage.

Basi, ninyi mnaobaki, haya ndiyo ninayowaachia. Msimuulize mgonjwa anakula nini tu, muulizeni ameacha kula nini, na kwa ajili ya nani. Ulizeni hasa wakati wa Kwaresima na wa Ramadhani, wakati njaa haimshangazi mtu. Akiwaambia fulani alipona, ulizeni fulani ana umri gani. Msimcheke, maana mkimcheka hatarudi kwenu. Na mvute kope.

Nilidhani nimalizie hapo. Lakini juzi, nikiwa nimeweka kalamu chini, simu ikalia. Alikuwa Nesta, binti wa kaka yangu kule Mwazye, aliyeolewa mwaka jana. Alinitumia sauti na ujumbe mfupi: "Shangazi, sikiliza huyu mama. Mungu ni mwema."

Niliitambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Ilikuwa sauti ya Mama Gaudensia, ushuhuda wake ule wa mwanzo, na makofi nyuma yake. Mama Gaudensia tulimzika msimu wa mavuno uliopita. Hawezi tena kusimama kuusahihisha.

Nikampigia Nesta.

"Umepimwa wapi?"

"Hapahapa, shangazi. Wamesema ni uvimbe tu, mdogo. Sikutaka kukutia wasiwasi."

"Damu inatoka nyingi?"

"Kidogo imezidi. Lakini nimeanza kufunga, shangazi. Najisikia mwepesi kweli."

Nikamwambia aende dirishani, avute kope la chini kwa kidole, apige picha anitumie. Akacheka, shangazi na vituko vyako. Nikasubiri. Picha ilipofika nikavaa miwani, nikaikuza, nikaisogeza kwenye mwanga nikitafuta wekundu.

Kisha nikatazama ile saa yenu ukutani. Gari la Mwazye lilikuwa bado halijaondoka. Nikaanza kutafuta viatu.